Mkono Nilioufuta

Siku ya nne baada ya mazishi ya Ayeeyo, mimi na Mama tulilisogeza kabati lake ili tufagie nyuma. Tulikuta kitu kipana kimeegemezwa ukutani, kimefungwa kwa shuka lenye maua mekundu. Nilidhani ni ubao wa kitanda. Mama alishika upande mmoja, mimi upande wa pili, na vumbi likatuingia puani. Kabla hata ya fundo la kwanza kufunguka nilisikia harufu ya tapentaini. Nilimwambia Mama. Alinusa, akasema yeye hasikii chochote ila uunsi, ule ubani wa Ayeeyo ulioingia hadi kwenye matofali ya chumba kile. Huenda yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Tapentaini haikai kwenye kitambaa miaka yote hiyo. Lakini mimi niliisikia, na viganja vyangu vikaanza kutoka jasho kabla sijajua kwa nini.

Ndani ya shuka ilikuwamo picha ya Mama.

Niliacha shule darasa la nane, na tangu hapo nimekuwa nikiandika mambo ya nyumbani kwenye madaftari. Mengi ni ya mvua, ya mbuzi, ya nani kaja na nani kaondoka. Jambo hili sikuwahi kuliandika. Mara tatu nilianza na mara tatu nikachana karatasi. Naliandika sasa kwa ajili ya wa rika langu, tuliokuwa watoto Garissa wakati wale korongo wenye upara walikuwa wengi kuliko magari, kwa sababu huenda na mwenzangu mmoja ana kitu chake nyuma ya kabati. Kiswahili changu ni cha shuleni. Maneno mengi nitakayoyaweka hapa yalisemwa kwa Kisomali, nami nimeyageuza kadiri nilivyoweza. Palipo na kosa, kosa ni langu, si la waliosema.

Ayeeyo ni bibi. Huyu wetu alikuwa mama mzazi wa Mama, na pia wa Abti Bishar, yaani mjomba wangu, kitindamimba wa nyumba. Tuliishi boma moja, Ayeeyo, Mama na mimi. Baba alikuwa Liboi kwa biashara ya nguo na alikuja anapoweza. Abti Bishar alikuwa bado hajaoa. Alilala kwenye kibanda cha mabati kando ya lango letu na mchana alifanya kazi humo humo.

Kazi yake ilikuwa kuchora vibao vya maduka. Bucha ilitaka kichwa cha ngamia, hoteli ilitaka kikombe kinachotoa mvuke, mng'oa meno alitaka jino lenye mizizi mirefu ya kutisha. Ngamia wa Abti walikuwa na kope ndefu kama maharusi. Mwenye bucha mmoja, mtu mnene mwenye kucheka, alikuja kuchukua kibao chake akakitazama akasema, "Bishar, huyu ngamia ni mzuri mno. Nani atakubali kumla?" Abti akamjibu, "Wewe weka bei nzuri, watamla huku wanalia."

Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi Ifo, kwenye kambi ya wakimbizi, akichora mishale ya kuelekeza watu kwenye mabomba ya maji na vyoo. Huko alikutana na mwalimu wa sanaa aliyekuja miezi michache kufundisha vijana. Mwalimu alipoondoka alimwachia mirija ya rangi za mafuta iliyokuwa imebaki, mingine imekunjwa hadi shingoni, pamoja na brashi sita na kisu chembamba kisichokata kitu. Alimwachia pia wazo moja, ambalo Abti alilirudia mara nyingi hadi Ayeeyo akalichoka: kwamba uso wa mtu si lazima uchorwe kama ulivyo, unaweza kuchorwa kama unavyokaa ndani.

"Ndani ni matumbo," Ayeeyo alisema. "Utachora matumbo?"

Basi Abti alinunua sokoni kipande cha turubai la hema lililochakaa, akalipigilia misumari kwenye fremu ya mbao, akalipaka rangi nyeupe mara mbili na kuliacha likauke. Mama wakati huo alikuwa mjamzito. Miguu ilikuwa imemvimba na Ayeeyo alikuwa amemkataza kazi zote. Abti akamwambia, "Dada, kama unakaa tu, kaa hapa." Kila siku baada ya sala ya alasiri Mama alikaa mlangoni mwa kibanda, kwenye kiti cha plastiki, Abti akichora, mimi nikiwa chini kwenye mchanga na kazi yangu ya kufunika na kufunua mikebe. Nilikuwa na umri wa kuota meno mapya ya mbele.

Nataka kuieleza picha jinsi nilivyoiona wakati ule, halafu jinsi ninavyoiona sasa, maana si kitu kimoja.

Wakati ule niliona kwamba Abti alikuwa anamharibu Mama. Shingo aliifanya ndefu kama ya swala twiga. Jicho moja aliliweka chini kidogo kuliko lenzake. Shela yake haikuwa na mkunjo hata mmoja, ilisimama kama ukuta wa udongo. Nyuma yake hapakuwa na nyumba wala mti, ila buluu iliyopauka kama bati kuukuu, iliyopakwa kwa kile kisu hadi ikaacha matuta. Na shavu la upande wa kivuli alilipaka kijani. Si kijani cha majani. Ni kijani cha matapishi ya asubuhi, nami nilikuwa nimeyaona matapishi ya Mama.

Mwenye bucha alipita tena, akasimama.

"Kwani dada yako ni mgonjwa?"

"Hapana."

"Mbona kijani?"

"Ni kivuli."

"Kivuli changu mimi ni cheusi."

"Hujakitazama vizuri," Abti akasema bila kugeuka, na yule mtu akabaki pale juani akiinamia kivuli chake mwenyewe, muda mrefu kuliko ilivyopasa mtu mwenye duka.

Kilichonisumbua zaidi ni macho. Hayakunitazama. Nilijaribu kukaa kulia, kushoto, chini kabisa karibu na fremu. Yalitazama kitu kilichokuwa nje ya picha, upande wa chini, kitu ambacho Abti hakukichora.

"Abti, Mama anatazama nini?"

"Anafikiria."

"Anafikiria nini?"

"Sijui," akasema. "Ningejua nisingejisumbua kumchora."

Nilianza kufuatilia mambo, kama watoto wanavyofuatilia. Siku aliyopaka kijani, kesho yake Mama alitapika mara tatu. Alipopaka weusi chini ya macho, baada ya siku mbili Mama alikuwa na weusi chini ya macho, nikauona mwenyewe alipokuwa anakunywa chai. Mtu mzima atasema Abti alikuwa anachora alichokiona. Mimi nilikuwa na hakika kwamba picha ilitangulia na Mama alifuata. Simlaumu yule mtoto. Kwa aliyoyajua, alikuwa amefikiri vizuri.

Halafu siku moja Abti alichora mkono.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wa kwetu hawahitaji kuelezwa. Ayeeyo hakuvumilia mtu kushika tama. Ukikaa umeegemeza shavu kwenye kiganja, hata kama umechoka tu, hata kama unasubiri maji yachemke, alikupiga kofi la kifundo cha mkono na kusema, "Toa mkono! Nani amekufa?" Aliamini, na wengi wanaamini, kwamba hivyo ndivyo watu wanavyokaa kwenye tacsi, matanga ya kwetu, na kwamba anayekaa hivyo kabla ya msiba anauita msiba uje. Nilikuwa nimepigwa kofi hilo mara nyingi kiasi kwamba mkono wangu ulijiondoa wenyewe nikisikia nyayo zake.

Sasa Mama alikuwa ameshika tama kwenye turubai. Kwa haki ya Abti niseme kwamba hakuubuni. Mama alikaa hivyo mwenyewe, Ayeeyo akiwa mbali, na Abti alikichora alichokiona. Kiganja kikubwa, vidole vinne vikipanda kando ya shavu la kijani hadi karibu na sikio.

Ayeeyo alikuja na birika la chai, akaona. Aliliweka birika chini polepole.

"Bishar, mwanangu. Mtoe mkono."

"Mama, ni namna ya kukaa tu."

"Nimezika watoto wawili. Mimi unanifundisha namna ya kukaa?"

"Anafikiria, Mama. Mtu akifikiria kichwa kinakuwa kizito."

"Ana mimba tumboni, kisha wewe unampa uzito wa kichwa! Hata bila ya mkono, picha ya kiumbe ilipo, malaika hawaingii."

"Ndiyo maana iko kibandani, si nyumbani. Malaika wana nafasi ya kutosha nyumbani."

Mama alicheka. Ayeeyo hakucheka. Alisema, na nililisikia mimi na mwenye bucha pia, aliyekuwa akipita langoni, "Ningekuwa na nguvu ningeifuta yote kwa mikono yangu hii." Kisha akaondoka, chai akaiacha.

Asubuhi ya siku ya tatu Mama alitokwa na damu. Nilimwona akibebwa kwenye leso kubwa na wanawake wawili wa jirani hadi kwenye pikapu, Abti akapanda nyuma pamoja naye, wakaenda hospitali. Ayeeyo alibaki nami. Wanawake waliobaki kuosha chumba cha Mama walizungumza juu ya kichwa changu, kama watu wazima wanavyofanya wakidhani mtoto ni mtungi. "Damu ilikuwa nyingi." "Wamesema watatafuta ya kumwongezea." "Mungu ndiye ajuaye." Sikuelewa damu inaongezwaje. Nilielewa kitu kimoja: kijani kilitangulia, weusi ukatangulia, na sasa tama imetangulia. Kinachofuata tama nilikuwa nimekiona kwa majirani. Ni mikeka, wanaume nje, wanawake ndani, na chungu kikubwa cha wali ambao mwenye nyumba hali.

Adhuhuri Ayeeyo alitandika msala. Nilijua sala yake siku ile itakuwa ndefu. Niliingia kibandani. Joto la mabati lilikuwa kama pumzi ya mtu mgonjwa. Nilichukua kitambaa cha brashi, nikakichovya kwenye mkebe wa tapentaini kama nilivyomwona Abti akifanya, nikapanda juu ya kiti cha plastiki cha Mama.

Rangi ilikuwa imeshika ngozi juu, lakini chini ilikuwa bado laini. Kidole kidogo kilitoka kwanza, kisha vingine kimoja kimoja, hudhurungi, kisha nyekundu kidogo ambayo sikujua ilikuwamo, kisha nyeupe ya turubai. Pale kiganja kilipogusa shavu niliweka kitambaa kando nikatumia vidole vyangu, taratibu, ili nisiguse uso. Sikuugusa uso. Hata sasa nalisema hilo kama mtu anayejitetea mbele ya kadhi. Nilitaka tu asiwe ameshika tama.

Nilipotoka Ayeeyo alikuwa amesimama kwenye pipa la maji. Alinishika mikono, akaigeuza, akainusa. Aliniketisha chini, akaleta samli na majivu, akanisugua kidole kwa kidole, mpaka kwenye kucha, kisha sabuni, kisha maji. Kile kitambaa akakitupa motoni, moto ukaruka juu na kutushtua sote wawili. Mimi nilidhani ananisafisha kwa sababu wageni wa msiba wanakuja. Nikalia. Akasema, "Nyamaza, Fardosa. Usiite." Nami nikanyamaza ili nisiite.

Alasiri Abti alirudi peke yake. Alikuwa na pamba imebandikwa kwa plasta ndani ya kiwiko, na midomo yake imekauka. Alisimama langoni akasema, "Yuko hai. Amezaa mvulana. Wote wawili wako hai." Ayeeyo alishuka chini akasujudu pale pale kwenye mchanga. Abti akaingia kibandani, nadhani kuweka viatu tu.

Alipotoka hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamshwa.

"Nani?"

Nilikuwa nimekaa nyuma ya Ayeeyo, kwenye mkeka, nimeshika upindo wa nguo yake. Nilifungua mdomo. Mungu ni shahidi wangu, nilifungua.

"Ni mimi," Ayeeyo akasema.

Abti alimtazama. Alikuja, akapiga magoti mbele yake, akaichukua mikono yake miwili na kuiinua hadi puani, kama mtoto anayetaka kubusu mikono ya mama yake. Ilinuka tapentaini, maana ndiyo iliyonisugua. Akairudisha mapajani mwake taratibu, akainuka, akaondoka kurudi hospitali.

Baada ya hapo hakula kwetu kwa miezi mingi. Alimsalimia mama yake langoni, akasimama hapo hapo. Mwaka haukuisha kabla hajahamia Takaba, mbali kule Mandera. Huko akaoa, akafungua duka, na kwa niliyosikia, hakuchora tena uso wa mtu.

Hivyo nilikua na siri mbili. Moja ilikuwa ya aibu: kwamba nimeharibu kazi ya Abti na Ayeeyo amebeba lawama. Ya pili, nasema ukweli, ilikuwa ya fahari: kwamba nimemwokoa Mama. Niliifuta tama, na siku ile ile akarudi kwenye uhai. Nani angenibishia? Nilimtazama ndugu yangu mdogo akitambaa na nikajiona kama mmiliki wake.

Fahari ile ilikufa darasa la sita, kwenye somo la sayansi, mwalimu alipoeleza jinsi damu ya mtu mmoja inavyowekwa kwa mwingine. Nilirudi nyumbani nikamuuliza Mama. Akasema, bila uzito wowote, "Mimi niliongezwa chupa mbili nilipomzaa kaka yako. Moja ya hospitali, moja ya Bishar." Nikakumbuka pamba ya kiwikoni. Kwa hiyo mchana ule, mimi nikiwa juu ya kiti nafuta kazi yake, Abti alikuwa amelala kwenye kitanda cha hospitali, mkono umenyooshwa, damu yake inamtoka kwa ajili ya dada yake. Mkono wake ndio uliomsaidia. Wangu haukufanya kitu.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza hadi nimechoka. Mwanzoni ilikuwa hofu. Baadaye ikawa mazoea. Mwishoni nilijiambia kwamba nikisema nitamfanya Ayeeyo kuwa mwongo mbele ya watoto wake, yeye ambaye hata ukimuuliza kama amekunywa chai alitanguliza "Mungu ndiye ajuaye." Sababu hii ya mwisho ndiyo inayosikika vizuri zaidi, na ndiyo maana siiamini sana. Wanawake walipomtania, "Hivi kweli uliifuta picha ya mwanao?" alijibu, "Niliifuta," akaendelea kusuka mkeka wake. Hakuwahi kunitazama aliposema. Sote tulidhani ameichoma moto.

Sasa ilikuwa imeegemezwa ukutani mbele yetu. Mama akasema, "Loo, nilikuwa na shingo," akaenda kuweka chai. Mimi nikabaki nayo.

Nimesema nitaeleza ninavyoiona sasa. Sijui lugha ya wanaojua picha, na mtu aliyesoma atacheka. Lakini kile kijani si ugonjwa. Ni kivuli, kama Abti alivyosema. Nimekaa mlangoni saa ya alasiri nikautazama uso wa binti yangu, na upande usio na jua una kijani kweli, ukiwa na subira ya kukiona. Jicho lililoshuka ndilo linalofikiria. Lile la juu linasikiliza tu kama mtoto amelia. Shela haina mikunjo kwa sababu mwanamke huyu amejikusanya wote ndani yake, hakuna kinachoning'inia nje. Na ile buluu ya bati kuukuu nyuma yake inamwacha peke yake bila kumwonea. Halafu, pale palipokuwa na mkono, kuna doa jeupe lenye matope ya rangi pembezoni, na kichwa kimeinamia upande huo huo kama zamani. Kimelalia kitu kisichokuwepo. Nilitazama nikaona nimefanya mtu afikirie bila ya kuwa na pa kuegemea.

Abti Bishar alifika kesho yake asubuhi, kutoka Takaba, vumbi hadi kwenye nyusi. Mazishi hayakumsubiri, kwetu hayasubiri. Alimkumbatia Mama, akaomba dua, akakaa. Ndevu zake ni nyeupe sasa, mwisho amezitia hina. Kisha akaiona picha. Mama alikuwa jikoni, na niliona kwamba kama sisemi dakika ile, nitakufa sijasema.

"Abti, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Mkono. Si Ayeeyo. Ni mimi niliyeufuta."

Alitafuta miwani mfukoni, akaifuta kwa upindo wa macawis yake, ile shuka ya kiunoni, akaivaa. "Njoo hapa, abti," akasema, maana kwetu mjomba humwita mpwa wake kwa jina hilo hilo lake. "Weka vidole." Pale karibu na shavu, kwenye rangi iliyokauka, palikuwa na mifereji minne myembamba. Niliweka vidole vyangu. Havikuingia. "Mkono wa mwanamke mzima unafanya mistari kama hii?"

"Ulijua?"

"Siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Mama yangu amesema ni yeye. Ulitaka nimwambie nini? Kwamba anadanganya?"

"Lakini uliacha kula kwetu."

Nilisikia Mama akipanga vikombe. "Si kwa ajili ya mkono," akasema hatimaye. "Alisema angekuwa na nguvu angeifuta yote. Hilo hakulisema kwa ajili ya kumficha mtu. Alilisema kwa moyo wake, nami nililiamini. Nikawa nakaa na neno hilo. Tena nilikuwa kijana, kijana hana akili." Kisha akainama mbele. "Na nikwambie kitu. Ule mkono ulikuwa mbaya."

"Usinifariji, Abti."

"Wallahi ulikuwa mbaya. Mikono ilinishinda. Ulikuwa kama kichana cha ndizi."

"Kama glavu ya mpira," Mama akasema kutoka jikoni, na nikajua amesikia yote.

Nilimuuliza kama aliacha kuchora nyuso kwa sababu yangu. Akasema Takaba hakuna anayeagiza uso. Wanaagiza mbuzi na simu. Sijui. Anaweza kuwa alisema kweli, anaweza kuwa alinihurumia. Nimeliandika kama alivyolisema.

Alinyoosha mkono akachukua shuka lenye maua lililokuwa sakafuni. "Alikuwa anaificha kwa hili?"

Hapo ndipo nililiangalia lile shuka kwa mara ya kwanza. Halikuwa la zamani. Nililinunua mwenyewe soko la Garissa, nikampa Ayeeyo baada ya kumzaa binti yangu, naye binti yangu bado hajaanza shule. Nilimwambia Abti. Nilimweleza polepole ili nami nijisikie: picha ilifungwa upya juzi juzi tu. Mtu alikuwa anaivuta kutoka nyuma ya kabati, anaifungua, anaitazama, kisha anaifunga kwa shuka safi. Chumba kile hakuingia mtu mwingine.

Abti alilitandaza shuka juu ya magoti yake, akalikunja mara mbili, akalinyoosha kwa kiganja, akalikunja tena, hadi likawa dogo kama msahafu. Akalishika hivyo kifuani hadi chai ilipokuja. Hakulirudisha. Aliondoka nalo Takaba, na picha akatuachia.

Nilimuuliza Mama, alikuwa akifikiria nini siku zile kwenye kiti cha plastiki. Akasema hakumbuki, miguu ilikuwa inamuuma.

Jioni ya siku aliyoondoka Abti, niliingia chumbani kuchukua vikombe. Mama alikuwa ameketi kwenye godoro la mama yake, akiitazama picha, na hakunisikia. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande ule ule. Shavu lilikuwa limelala kwenye kiganja, vidole vinne vimepanda hadi karibu na sikio. Neno la Ayeeyo lilinijia lote, na sauti yake, na mkono wangu ukainuka tayari kwa kofi la kifundo. Toa mkono. Nani amekufa?

Jibu nilikuwa nalo. Nilichukua vikombe, nikamwacha.